Wateja wa Mama Walipochukua Mirija Yao

Habari za mama yangu nilizipata kwa mtu ambaye hakujua kwamba anamsema mama yangu.

Nilikuwa nimefika Busia kwa mama mkwe, upande wa Kenya, nikiwa njiani kwenda kwetu Tororo, ng'ambo ya mpaka. Mume wangu alikuwa mtu wa reli huko Kisumu, na tangu nijifungue mtoto wetu wa pili sikuwa nimevuka mpaka. Ilikuwa miaka michache tu baada ya nchi zote mbili kupata Uhuru. Safari ile nilikuwa na hamu nayo kupita kiasi. Nilitaka kumwona mama, na nilitaka pia kuviona tena vilabu vya pombe vya Tororo, jambo ambalo mume wangu alilicheka sana. Lakini mimi nililelewa kilabuni. Mama alipika malwa, pombe ya wimbi, na malwa ndiyo iliyonivisha na kunisomesha. Mtoto wa mkulima hulikumbuka shamba lao. Mimi nilikumbuka harufu ya unga uliochacha ukikaangwa kwenye karai, na wanaume wameketi duara, kila mmoja na mrija wake mdomoni, chungu kimoja katikati.

Jioni hiyo jirani wa mama mkwe akapita kusalimia. Alikuwa mama wa makamo, mchuuzi wa samaki wakavu, aliyevuka mpaka kila wiki kwenda soko la Tororo. Akapewa chai, akanyoosha miguu, akaanza kutoa habari za alikotoka. Akasema siku hizi mtu akikukaribisha pombe Tororo umshukuru na kuondoka, maana kuna mwanamke huko amemuua mteja wake kwa sumu. Mama mkwe akauliza ni mwanamke gani. Mchuuzi akasema jina halijui, ila nyumba anaijua. Iko nyuma ya stesheni, mabati yake yamepakwa lami, na mbele ya mlango pana mfenesi ulioinamia barabara.

Kutoka juu ya mfenesi ule nilianguka nikavunjika mkono utotoni.

Nilikuwa namnyonyesha mdogo, nikaendelea kumnyonyesha. Mama mkwe alinitazama mara moja tu, kisha akamuuliza yule mama bei ya samaki imefikia wapi. Alikuwa amefika nyumbani kwetu siku walipoleta mahari. Mfenesi ule naye aliujua.

Asubuhi alinifungia ndizi na mayai ya kuchemsha, akanisindikiza hadi kwenye njia. Watoto alikuwa amewabakiza, hata mdogo, aliyekwisha kuzoea uji. Hakuniuliza kama nimekubali.

"Nenda ukamwone mama yako, hilo hakuna wa kukuzuia," aliniambia. "Lakini huko, mwanangu, usinywe kitu ambacho hukukichota mwenyewe."

Nikajibu, "Ndiyo, mama," kama mke wa mtu anavyojibu. Nilipofika mpakani na askari akapekua kikapu changu, ndipo nilipotambua kwamba neno lile halikuniudhi. Lilikuwa limeingia ndani yangu na kukaa. Hilo ndilo lililoanza kunitisha.

Basi lilinishusha Tororo mchana. Mji ulikuwa vilevile, jiwe lake kubwa limesimama juu ya paa zote, vumbi la kiwanda cha saruji limelala kwenye majani ya miti. Nilipokuwa mtoto, Jumamosi kama saa tisa hivi, wafanyakazi wa kiwanda walikuwa wakija kwetu na nyusi nyeupe kama wazee, na wapakiaji wa stesheni nao wakija na mabega yenye alama za magunia. Kila mmoja alikuwa na mrija wake, mrefu kuliko mtu, wenye kichujio kilichosukwa nchani, nayo mirija yote ililala kwetu ukutani juu ya vigingi. Mmoja alikuwa amefunga uzi wake, mwingine ameuchoma alama kwa moto. Kazi yangu ilikuwa kupita na birika la maji ya moto na kuongeza chunguni pombe inapopungua. Walikuwa wakisema Kiteso, Kisamia, Kiluo, Kidhopadhola chetu, na wakikasirikiana wanahamia Kiswahili ili matusi yaeleweke na wote. Kabla hawajaanza, mama alichovya mrija wake kwanza, akanywa mbele yao. Ndiyo ilikuwa desturi ya kila mpika pombe. Hakuna aliyewahi kunieleza sababu yake, na mimi sikuwahi kuuliza.

Siku hiyo nilipofika mlangoni, mabenchi yalikuwa yamefagiliwa na hayana mtu. Ukutani vigingi vilikuwa vitupu, safu nzima, isipokuwa kimoja cha mwisho karibu na dirisha. Pale ulikuwa umebaki mrija mmoja, umezungushiwa waya mwekundu.

Mama alikuwa uani akipepeta wimbi. Aliponiona aliweka ungo chini, akanikumbatia, akauliza watoto wako wapi. Nikasema wana mafua. Akanitazama.

"Kwa hiyo habari zimefika hadi Busia," akasema.

Alinisimulia akiendelea kupepeta, kwa sauti ya kawaida. Marehemu alikuwa mpakiaji wa mizigo stesheni, mtu wa kijiji cha Kwapa, amepanga chumba mjini. Alikuwa mteja wa miaka, mchangamfu akiwa mzima, mkorofi akilewa. Siku moja alikipiga teke chungu kikiwa kimejaa, mama akamfukuza mbele za watu, akamwambia kwamba kwa tabia ile hatazeeka. Baadaye alirudi akaomba radhi, yakaisha. Jumapili iliyofuata akanywa na wenzake wanne, chungu kimoja, wakaondoka jua bado liko juu. Jumatatu asubuhi alikutwa chumbani kwake amekufa, na matapishi yake kando.

Nikamwambia, kama walikunywa watano chungu kimoja na wanne wakapona, basi kosa haliko kwenye chungu.

"Hawasemi chungu," mama akanijibu. "Wanasema mrija."

Nikaelewa. Kila mtu alinyonya kwa mrija wake, na mirija yote usiku na mchana ililala kwa mama. Nani mwingine angeweza kuupaka kitu mrija wa mtu mmoja? Ndiyo sababu baada ya mazishi wateja walikuja mmoja mmoja, bila kuketi, wakanyoosha mkono ukutani, wakachukua mirija yao na kwenda. Baadhi yao walimsalimu. Mmoja, ambaye mama alimuuguza malaria mwaka uliotangulia, alimtuma mkewe. Mrija wa marehemu haukuchukuliwa na mtu. Hakuna aliyetaka kuushika, hata mama. Ulikaa pale wiki mbili ukiota utando wa buibui.

Mama alinipikia kuku. Aliniletea na uji wa wimbi katika kibuyu, akaniwekea mbele. Nilikunywa. Lakini nilikunywa baada ya kumwona yeye amekunywa, na nadhani aliliona hilo, maana aligeuka akaenda kuangalia moto uliokuwa hauhitaji kuangaliwa.

Kesho yake, Ijumaa, nilitoka kwenda kwenye vilabu. Nilikuwa nimetamani kwa muda mrefu kuvizungukia nikicheka na watu niliokua mbele yao. Sasa nilikwenda kusikiliza.

Cha kwanza kilikuwa nyuma ya soko. Mwenyewe niliyemjua alikuwa amefariki, na ndani walikuwamo watu wageni kwangu. Zilikuwa siku za makondo, wale majambazi waliovunja nyumba za watu kwa panga na mawe, na mgeni yeyote aliyeingia kilabuni peke yake alitazamwa mikono kabla ya uso. Niliketi. Mzee mmoja akaniuliza kwa adabu mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia. Alichomoa mrija wake chunguni, akakung'uta matone, akainuka. Aliyeketi naye akainuka. Punde si punde nilikuwa peke yangu mbele ya chungu kilichokuwa bado kinatoa mvuke, na mwenye kilabu amesimama mlangoni ameshika upindo wa leso yake, akiningoja niondoke.

Cha pili kilikuwa cha rafiki ya mama. Hao wawili walianza kupika pombe mwaka mmoja, na mimi nilimwita mama mdogo. Alinivuta hadi jikoni kwake, akafunga mlango, akanikumbatia kwa nguvu huku akinisukuma kwenye kona, mbali na dirisha.

Akaniambia ndugu za marehemu watakuja kesho kutoka Kwapa. Wamemaliza matanga, wamekwenda kwa mganga, na mganga ameona mwanamke na ukuta wenye vigingi. Wanasema wataichoma nyumba. Mchukue mama yako leo, akasema, mvuke Busia, mambo yapoe.

Nikamuuliza kama yeye mwenyewe anaamini. Akanisogelea sikioni. Siku ile marehemu alipotoka kwa mama hakwenda kulala. Alikwenda na fundi baiskeli mmoja mpaka kwenye nyumba fulani karibu na kiwanda, wanakouza kwa mlango wa nyuma waragi, ile pombe kali isiyo na rangi. Marehemu alikufa. Fundi baiskeli hakufa, lakini tangu siku hiyo haoni.

"Na mmelijua hili wote?" nikamuuliza.

"Wengi tunalijua."

"Basi kwa nini hamsemi?"

"Mwenye nyumba ile ana shemeji yake ambaye akitaka mtu apotee, anapotea," alisema. "Mimi nina watoto, mwanangu. Nyinyi mtavuka mpaka. Sisi tutabaki hapa."

Nilikwenda kwa fundi baiskeli. Mkewe alisimama mlangoni na hakunikaribisha. Nyuma yake, uani, nilimwona mumewe ameketi juu ya kigoda, ameliinulia jua uso, macho wazi kabisa, wala hayapepesi. Mikononi alishika mnyororo wa baiskeli, akiupitisha kwenye vidole kiungo kwa kiungo. Nilieleza shida yangu kwa mke, kwa sauti ya kutosha kumfikia mume.

Yeye ndiye aliyejibu, bila kugeuza kichwa. "Mimi sikunywa kitu, dada. Mimi ni mgonjwa wa macho tu."

Mkewe akafunga mlango polepole.

Niliporudi nilimsihi mama tuondoke. Nilimwambia kuhusu Kwapa, kuhusu mganga, kuhusu moto. Yeye alikuwa akikanda unga. Aliniambia kwamba mtu akikimbia amejibu swali ambalo hajaulizwa. Kisha akaniambia nimsogezee kuni, kwa sababu Jumamosi wageni wanakuja na hawatakuta nyumba kavu. Usiku ule kila baiskeli iliyopita barabarani niliisikia tangu inapoanza hadi inapopotea.

Walikuja saa tisa alasiri, saa ileile ya wateja. Walikuwa sita, na baiskeli tano. Waliziegemeza kwenye mfenesi kwa utaratibu, moja baada ya nyingine. Nilitegemea makelele, lakini hawakupiga. Mkubwa wao alikuwa mwalimu wa dini katika kanisa la kwao, mtu mwembamba mwenye koti la kijivu lililofungwa vifungo vyote. Alivua kofia. Niliyemwogopa ni mdogo wao, aliyebaki nje karibu na baiskeli yake, kwa sababu nyuma ya baiskeli ile palikuwa pamefungwa debe, na upepo ulipogeuka nilisikia harufu ya mafuta ya taa. Ng'ambo ya barabara majirani walikuwa wameanza kukusanyika. Mama mdogo alikuwa miongoni mwao.

"Mama, hatukuja kupigana," alisema mwalimu. Alisema Kiswahili cha huku kwetu, taratibu. "Tumekuja kuchukua vitu ya ndugu yetu."

Mama alimwonyesha benchi. "Hapa alikuwa na kitu kimoja tu," akajibu. "Ule pale ukutani."

Mwalimu aliutazama ule mrija wenye waya mwekundu. Hakuugusa. Akasema watu wanazungumza, na yeye amekuja kusikia kutoka kwa mwenyewe. Mama akasema amwulize. Akamwuliza kama ni kweli alimwambia marehemu kwamba hatazeeka. Mama akakiri. Akamwuliza mirija ililala wapi. Mama akamjibu. Kila jibu lilikuwa kweli, na kila jibu lilizidi kumfunga.

Sikuweza kuvumilia. Nilisema kwa sauti kwamba marehemu alipotoka hapa alikwenda kunywa waragi mahali pengine, na kwamba kuna mtu aliyekuwa naye amepofuka.

"Ni nani huyo?" mwalimu akaniuliza.

Niliangalia ng'ambo ya barabara. Mama mdogo alikuwa ameinamisha kichwa. Nikamfikiria yule mke mlangoni na mumewe na mnyororo wake. Nikijua kwamba wao wamekana mbele yangu na watakana mbele ya hawa pia, nikanyamaza.

"Maneno ya kilabu," akasema mwalimu, kwa upole, kama anayenisamehe.

Ndipo mama alipoinuka. Chungu kilikuwa tayari katikati, maji ya moto yamekwisha kutiwa, povu limepanda. Alikwenda mpaka ukutani, akauteremsha mrija wa marehemu kwa mikono miwili. Utando wa buibui uliufuata, ukakatika. Hakuupangusa, hakuupuliza.

"Mnasema sumu iko humu," akawaambia. "Tangu siku ile haujaguswa na mtu. Mimi nitaunywea mbele yenu."

Akauchovya, akaketi, akanyonya. Nililisikia koo lake likimeza. Wale ndugu hawakusogea. Aliendelea muda mrefu, kama mteja mwenye kiu, kisha akainua kichwa na kufuta midomo kwa kiganja.

Nilidhani yamekwisha. Lakini mmoja wa wale sita, aliyekuwa kimya muda wote, akasema kwamba mwenye dawa ana kinga yake. Yeye akinywa si kitu. Huyu binti yake anywe. Mwalimu aliwaza, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Huyu hapana," mama akasema.

Alilisema haraka mno. Tangu nifike sikuwa nimeona woga usoni kwake, na sasa niliuona waziwazi, na kila mtu aliuona. Minong'ono ikapita ng'ambo ya barabara. Yule mdogo kwenye baiskeli alianza kufungua kamba ya debe.

"Ana watoto wadogo," mama akasema tena, na maneno yale yakafanya mambo kuwa mabaya zaidi.

Sijui kama ujasiri ndio uliosukuma mkono wangu. Naona ulikuwa woga tu, uliopata mahali pa kukimbilia. Niliona kamba inafunguka, nikautwaa mrija kutoka mikononi mwa mama. Aliung'ang'ania kidogo. Niliuvuta. Nilipiga magoti kwenye udongo, nikauweka mdomoni, na kwanza vumbi likanijia, kisha malwa, yenye joto, chachu, na moshi kidogo, ladha ileile ya nyumbani. Nilikuwa nikijiuliza swali moja tu. Kwa nini amenikataza? Nikameza. Nikameza tena.

Tulikaa. Mwalimu alikuwa ameketi benchi la wateja, kofia juu ya goti. Nililisikiliza tumbo langu kama mtu anayesikiliza mlango. Treni ya mizigo iliingia stesheni, ikapiga filimbi, ikabadilisha mabehewa, ikaondoka. Kivuli kikatoka mlangoni kikafika kwenye chungu. Mama alinitazama bila kupepesa, na midomo yake ilikuwa ikisogea. Alikuwa akisali.

Hatimaye mwalimu akainuka. Aliuomba mrija, akaufuta kwa leso, akautoa nje na kuufunga kwenye baiskeli yake, ncha yake ikining'inia nyuma. Akamwambia mdogo wake kitu kwa Kiteso, na debe likafungwa tena kamba.

"Mama, mimi sijui," alimwambia mama akiwa amesimama juani. "Lakini leo hatutafanya kitu."

Wakapanda, wakaenda. Majirani nao wakatawanyika. Hakuna aliyevuka barabara kuja kutupa pole, hata mama mdogo, ingawa yeye alibaki amesimama peke yake kwa muda kabla ya kuondoka.

Mama aliingia jikoni, akaketi chini. Nikaketi karibu naye. Nikamwuliza kwa nini aliwakatalia nisinywe kama alijua mrija ule hauna kitu.

"Nani amekwambia nilijua?" akasema.

Nikamtazama.

"Wiki mbili ulikuwa ukutani," akaendelea. "Mlango huu mchana haufungwi. Mimi nakwenda mtoni, nakwenda sokoni. Mtu aliyetaka kuniangamiza alikuwa na nafasi ya kuingia na kuupaka chochote, ili akija wa kuupima aanguke hapa hapa. Hilo niliwaza kila siku. Mimi nilijua mikono yangu tu."

"Na bado ukanywa?"

"Ningefanyaje? Lakini wewe ni mwanangu."

Jioni tumbo langu lilinguruma, na kila liliponguruma tulitazamana. Hatukula. Tulikaa karibu na moto mlango umefungwa kwa gogo, mkono wake juu ya mgongo wangu, kama anavyopimwa homa mtoto. Kulipopambazuka tulikuwa wazima wote wawili, na kanisani kengele ilikuwa ikilia. Mama alivaa gomesi yake ya Jumapili akaenda. Aliporudi aliniambia kwamba kwenye benchi lake hakuketi mtu mwingine.

Nilirudi Busia Jumatatu. Mama mkwe alinipokea watoto wamesafishwa na kupakwa mafuta. Aliniuliza tu mama hajambo, nikasema hajambo. Sikumweleza nilikunywa nini, na hadi leo, ingawa amekwisha kutangulia mbele ya haki, huwa naona kama bado natakiwa nimfiche.

Ukweli ulijitokeza wenyewe baada ya miezi, kwa njia mbaya. Nyumba ile ya karibu na kiwanda iliuza tena waragi mbovu, wakafa watu kadhaa kwa siku moja, na safari hii hapakuwa na mwanamke mwenye chungu wa kusingiziwa. Mwenye nyumba akahama mji na shemeji yake hakumsaidia. Mke wa fundi baiskeli ndipo alipokwenda mwenyewe Kwapa kwa mwalimu, akamwambia mumewe alikunywa wapi na nani. Mwalimu alikuja kwa mama siku ya kazi, peke yake, akiwa na jogoo na kikapu cha karanga. Nasikia hawakuzungumza mengi. Aliomba maji, akapewa, akanywa.

Wateja walirudi, baadhi yao. Lakini walikuja na mirija yao kwapani na kuondoka nayo, na mama hakulizoea jambo hilo. Alipika msimu mmoja, kisha akasema amechoka kuwaona wanavyolingojea koo lake limeze kabla hawajainama. Akarudi Mwello, kijijini kwao, kwa kaka yake, akalima, na kule aliishi vizuri. Nyumba ya mjini akampangisha fundi cherehani.

Mwisho wa miaka ya sitini nilipita Tororo mara moja tena, nikitoka kumtazama mama shambani. Nilikuwa na saa nzima ya kungojea basi. Nilikwenda hadi ng'ambo ya barabara, nikasimama. Mlango ulikuwa wazi, cherehani inakwenda, na pale penye vigingi yalikuwa yametundikwa magauni ya watu. Fundi aliniona, akaniita niingie, kuna kivuli, na mkewe ndiyo kwanza amepika chai. Alikuwa na sura njema. Nikamshukuru, nikamwambia basi langu limekaribia, nikarudi stendi kungoja juani.